Laptopu ya Kuonea Mikono

Mume wangu ni seremala. Karakana yake iko mbele ya nyumba yetu, na mimi ndiye ninayepaka vanishi. Kila asubuhi nyumba huamka na sauti ya randa. Majirani hulalamika kidogo, kisha huja kuagiza vitanda.

Mtu mmoja tu nyumbani hasumbuliwi na randa. Huyo ni binti yetu, kitinda mimba. Ni kiziwi tangu utotoni. Sisi tunamwita Macho, kwa sababu hakuna kinachompita. Ukificha sukari, anajua ulipoificha. Ukikasirika, anajua kabla hujajijua mwenyewe. Nyumbani tunazungumza naye kwa lugha ya alama, kila mtu kwa kiwango chake.

Macho anasoma chuoni. Anajifunza kuchora ramani za nyumba. Siku chache huenda chuoni kwa basi. Siku nyingi masomo huja kwa video ya moja kwa moja. Mwalimu anachora na kueleza. Pembeni, ndani ya kisanduku kidogo, yuko mkalimani anayeyageuza maneno ya mwalimu kuwa alama za mikono.

Macho alisomea kwenye simu yangu. Aliiegemeza kwenye kopo la chumvi, akaiinamia. Kwenye simu ile, mkalimani mzima alikuwa na ukubwa wa ukucha. Nilijaribu siku moja kumtazama. Sikuona alama wala vidole, niliona kitu kinachotikisika tu. Na wakati Macho anamkodolea macho mkalimani, mchoro ulimpita. Akiutazama mchoro, maneno yalimpita.

Alianza kuumwa kichwa. Akaanguka mtihani wa kwanza, akaanguka na wa pili. Mwalimu wake akatuma ujumbe wa upole, lakini ulikuwa mzito: akianguka mtihani ujao, chuo hakitaweza kumbakisha darasani.

Jioni ile Macho alinifuata karakanani. Akaniambia kwa mikono, "Mama, nitaacha chuo. Nitapaka vanishi na wewe."

Vanishi ni kazi nzuri. Imenilisha, na siionei haya. Lakini sikutaka mwanangu aijie kwa sababu ya kioo kidogo cha simu. Nililia, nikasingizia harufu ya vanishi. Macho hakudanganyika.

"Basi tutanunua laptopu," alisema baba yake. Alikuwa amelipwa madawati ya shule, na fedha ilikuwa haijaanza kukimbia. Ilitosha kununua moja. Tukikosea, hakuna ya pili.

Kaka yangu, dereva wa lori, alikuwa amekuja kutusalimu. Yeye hakosi neno.

"Shemeji, chukua kubwa kuliko zote," alisema. "Mtoto haoni, mpe kioo kama mlango."

"Anaona kuliko wewe," nilimjibu. "Hasikii tu."

"Haya, hasikii. Bado kubwa ni kubwa."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Macho alikaa katikati yetu, akitazama midomo yetu ikienda huku na huku.

Kesho yake mume wangu aliondoka peke yake kwenda dukani, futi yake ya kupimia kiunoni. Alirudi amevimba kwa hasira.

"Wezi," alisema. "Wezi waliovaa tai. Laptopu imeandikwa inchi kumi na nne. Nimekipima kioo chake mwenyewe, inchi kumi na mbili na kidogo. Inchi mbili nzima wamezila! Nimemwambia yule kijana, mimi sidanganywi vipimo."

Ng'ambo ya uchochoro mtu aliangua kicheko. Alikuwa jirani yetu tunayemwita Mama Waya. Yeye hutengeneza kompyuta na simu, na mlango wake unatazamana na wetu. Alivuka akiwa bado ameshika bisibisi.

"Fundi mwenzangu," alimwambia mume wangu, "ulipima wapi mpaka wapi?"

"Kushoto kwenda kulia. Kuna kwingine?"

"Nikuulize. Ukitengeneza fremu ya dirisha, unajuaje kwamba haijapinda?"

"Napima pembe kwa pembe. Kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini, upande wa pili."

"Basi hata kioo cha laptopu hupimwa hivyo hivyo. Pembe kwa pembe."

Mume wangu aliichomoa futi kiunoni. Akaitazama kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

"Na nilimwita yule kijana mwizi," alisema.

"Utamwomba radhi. Kuuliza si ujinga, ila ni vizuri kuuliza kabla ya kutukana," alisema Mama Waya. Akavuta kigoda, akaketi. "Sasa niambieni. Hiyo laptopu ni ya kazi gani?"

Mimi nilifungua mdomo. Mume wangu naye alifungua wake. Mama Waya alitunyamazisha kwa bisibisi.

"Siwaulizi ninyi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye laptopu ni huyu."

Akamgeukia Macho. Hajui lugha ya alama, lakini alimtazama yeye usoni, hakunitazama mimi. Mimi nikawa mkalimani wao. Ndipo nilipogundua jambo lililoniuma. Tangu maneno ya laptopu yaanze, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza.

Macho alijibu haraka, kama aliyesubiri swali kwa muda mrefu.

"Nahitaji kuona mchoro na mkalimani kwa pamoja, bila kuacha mmoja. Nahitaji kamera nzuri. Kila jioni sisi viziwi wa darasa letu tunasoma pamoja kwa video. Kamera ikikata mikono yangu, ni sawa na kunikata kauli. Nahitaji kuibeba kwenye basi, wakati mwingine nimesimama. Na umeme ukikatika, somo lisikatike."

Baba yake alimsikiliza hadi mwisho. "Mimi nilidhani ni kioo tu," alisema taratibu.

"Kila ukubwa una faida na hasara zake," alisema Mama Waya. "Tuanze na ile kubwa ya mjomba wake, ubishi wenu niliusikia mpaka kwangu. Mikono ya mkalimani itaonekana vizuri sana. Hilo ni kweli, dereva hakukosea. Lakini ni nzito. Haiingii kwenye mkoba wa kawaida. Na kubwa nyingi zinakunywa umeme, betri inaisha mapema."

"Na ndogo?" niliuliza.

"Ndogo ni nyepesi, ataibeba bila kuhisi. Ila mikono itarudi kuwa midogo. Mtakuwa mmenunua simu yenye kibodi."

"Kwa hiyo ya katikati," alisema mume wangu. "Ile ya inchi zangu kumi na mbili."

"Kumi na nne, fundi." Mama Waya alicheka. "Nayo ina kasoro zake, sitakuficha. Kioo chake hakifikii cha ile kubwa. Akifungua mchoro na mkalimani pamoja, patabana kidogo. Nyingi hazina vitufe vya namba pembeni, na mchoraji huvitumia sana. Matundu ya kuchomekea waya nayo ni machache."

"Sasa mbona unaisifu?"

"Siisifu, naipima. Hebu niambie, sebuleni mna televisheni?"

"Ipo. Kila akija, shemeji dereva anaitazama zaidi ya wenyewe."

"Kuna waya wa kuunganisha laptopu na televisheni. Akiwa nyumbani, mkalimani akae kwenye televisheni, mkubwa kama mgeni aliyeketi sebuleni. Mchoro ubaki kwenye laptopu. Akiwa safarini, anabeba laptopu peke yake, nyepesi. Vitufe vya namba vinauzwa pembeni, atanunua siku nyingine."

Nilipomtafsiria Macho habari ya televisheni, alipiga magoti yake kwa viganja, mara mbili. Kwake huo ndio uamuzi.

"Bado kitu kimoja," alisema Mama Waya. "Ndani ya laptopu kuna memori, na kuna hifadhi. Watu huzichanganya. Memori ni benchi lako la kazi, fundi. Hifadhi ni stoo yako ya mbao."

"Stoo kubwa na benchi dogo, kazi haiendi," alisema mume wangu. "Mbao zinadondoka."

"Na laptopu inakwama. Programu za kuchora zinataka benchi pana. Tafuteni memori ya gigabaiti kumi na sita. Nane itafanya kazi, lakini itahema. Na msinunue mbuzi kwenye gunia. Mwenyewe aende, aijaribu kwa kazi yake."

Tulikwenda sote watatu. Kitu cha kwanza mume wangu alichofanya ni kumwomba radhi yule muuzaji. Kijana alitabasamu. Alisema si mara ya kwanza kuitwa mwizi, ila ni mara ya kwanza kuombwa radhi.

Akatuletea laptopu ya kwanza ya inchi kumi na nne. "Hii ndiyo habari ya mjini," alisema. "Spika zake zinatikisa ukuta."

"Zitatutikisa sisi," alisema mume wangu. "Mwenye laptopu hana habari nazo."

Muuzaji alimtazama Macho, akaelewa, akaona haya. Kisha akafanya jambo la kiungwana. Alivuta kiti, akamketisha Macho mbele ya laptopu, akasogea pembeni.

Macho aliiunganisha na intaneti ya simu yangu. Akafungua rekodi ya somo lake la juzi. Kisha akampigia kwa video msichana wanayesoma naye, kiziwi kama yeye. Yule msichana alitikisa kichwa. Kamera ya laptopu ile ilikuwa chini ya kioo. Alichokiona ni kidevu cha Macho na vidole vikubwa vilivyofunika kila kitu. Tukairudisha.

Ya pili ilikuwa na kamera juu. Haikuwa inang'aa wala haikuwa na sifa nyingi. Macho alirudi nyuma hatua chache, akaongea kwa mikono yote miwili. Rafiki yake akajibu, nami nikatafsiri kwa sauti, "Naona vidole vyote. Naona mpaka pete."

Hatukuishia hapo. Macho aliibeba kwenye mkoba wake wa chuo akazunguka nayo dukani. Aliandika ukurasa mzima ili kuvijaribu vitufe vyote. Mume wangu alitaka kujua betri inakaa muda gani, na chaja ni ya kwake au ya kuazima. Alisoma kwenye boksi mpaka akaiona ile kumi na sita. Mimi nilidai risiti na karatasi ya waranti, nikahakikisha namba ya kwenye karatasi ndiyo iliyoko chini ya laptopu. Muuzaji akatufungia, akatutafutia na waya wa televisheni.

Siku ya kwanza ya somo, nilikuwa nikipiga msasa mlango. Nikachungulia sebuleni. Mkalimani alikuwa kwenye televisheni, mikono yake mikubwa kama yangu. Mchoro ulikuwa kwenye laptopu, na Macho alikuwa anachora bila kuinama. Katikati ya somo aliinua mkono mbele ya kamera akauliza swali. Alikuwa hajawahi kuuliza swali darasani. Niliweka msasa chini, nikamshukuru Mungu. Kisha nikavuka uchochoro nikamshukuru na Mama Waya.

"Nimefanya nini mimi?" alisema. "Nimeuliza tu."

"Ndiyo ninachokushukuru," nilimwambia.

Sikuachia hapo. Nilimshukuru muuzaji kwa simu. Nilimshukuru kaka yangu kwa kukubali televisheni ichukuliwe na mkalimani, ingawa alikubali kwa kununa. Moyo wangu ulikuwa umejaa, na sioni sababu ya kubania shukrani.

Mtihani ulifika, ukapita. Tulisubiri majibu. Mume wangu alijifanya hasubiri, akaharibu miguu miwili ya meza.

Majibu yalikuja jioni, wakati Macho yuko kwenye video na wenzake. Aliyasoma. Akatoka mbio mpaka karakanani, akasimama mbele ya baba yake. Hakutaja alama alizopata. Aliinua mikono akasema, "Ninabaki chuoni."

Baba yake aliiacha randa juu ya ubao. Macho akamshika mkono, akamvuta mpaka sebuleni, vumbi la mbao likimdondoka njia nzima. Akamsimamisha mbele ya kamera. Kwenye kioo walikuwapo vijana wengi, kila mmoja ndani ya kisanduku chake. Macho akawaambia, "Huyu ndiye baba yangu. Ndiye aliyeninunulia laptopu."

Wale vijana wote wakainua mikono juu, wakaitikisa vidole vikiwa vimetawanyika. Hakuna sauti hata kidogo.

"Wanataka nini?" mume wangu aliniuliza.

"Wanakupigia makofi," nilisema. "Viziwi hupiga hivyo."

Maisha yake yote ametengenezea watu milango na vitanda. Wamemlipa, na wengine wamemshukuru. Sikuwahi kumwona mtu akimpigia makofi. Alisimama pale, macho yamejaa machozi, wala hakuyaficha. Kisha akawaambia kwa mikono, polepole, "Asanteni kwa kusoma na mwanangu."

Macho alimshika mkono, akamnyoosha kidole kimoja kilichokosea, na baba yake akairudia kauli ile tangu mwanzo.