Kiti cha Pijo

“Aliyeshona hapa alikuwa na mkono wa kuku,” Abeid alisema, akicheka. “Tazama mwenyewe. Na uzi wenyewe wa nyavu.”

Hidaya alikuwa amepiga magoti sakafuni kwenye kibanda chake cha ushonaji, Ujiji, mkasi mkononi. Mbele yake kilikuwa kiti kirefu cha watu watatu, kilichong'olewa kwenye pikapu ya zamani, Pijo ya enzi za wazazi wao. Alikuwa ameshavua makava mawili yaliyowekwa na wenye gari wa baadaye, na chini yake likatokea kava la kwanza kabisa, limechanika upande wa dereva na kushonwa kwa uzi wa bluu wa kuzibia nyavu. Mishono mingine mirefu, mingine mifupi, yote inapanda na kushuka bila adabu.

Aliitambua mara moja. Mishono ile aliishona yeye, akiwa na miaka kumi na miwili, kwenye ngazi za nyumba yao, baba yake amekaa pembeni akimwambia avute uzi, asiuonee huruma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushika sindano. Hata doa la mawese kwenye sponji alilikumbuka, maana baba alikuwa akibeba madumu ya mawese na magunia ya dagaa kutoka Ilagala, na dumu moja lilimwagikia humo kitini wakapigwa na harufu mwaka mzima. Baba alipougua, gari liliuzwa. Baba mwenyewe hakukaa sana baada ya hapo.

“Hilo nalo litoe,” Abeid aliendelea. “Nataka kiti kirudi kama kilivyotoka kiwandani.”

“Sawa,” Hidaya akasema.

Alisema sawa tu, hakuongeza. Taabu yote ya miezi miwili iliyofuata ilianzia kwenye sawa hiyo.

Tumseme kidogo huyu Abeid, kwa sababu anastahili kusemwa. Kazi yake ya mshahara ilikuwa umeme wa bandarini Kigoma, lakini roho yake ilikuwa kwenye pikapu kuukuu. Wenzake wakitoka kazini wanakwenda kutazama mpira, yeye anakwenda uani kwake Kibirizi kuvaa ovaroli. Pijo lile alilikuta Kazuramimba nyuma ya mashine ya kusaga, limepakwa rangi ya kijani, kuku wanataga ndani yake. Alilivuta mpaka nyumbani kwa kamba, kwa Landrova yake, watu wamesimama njiani wanamcheka. Hakujali.

Hidaya alikwenda Kibirizi kupima nafasi ya kiti, hivyo ndivyo alivyomwambia mama yake. Akarudi tena kupima. Akarudi mara ya tatu, na kiti ni kilekile, hakijarefuka wala kufupika.

Alichokiona kule kilimkalisha. Kila nati na kila bolti imeoshwa kwa mafuta ya taa na kupangwa kwenye makopo ya maziwa kwa mpangilio wa kufunguliwa. Rangi ya kijani haikukwanguliwa kwa pupa. Abeid aliisugua kwa msasa, kwa mkono, polepole, mpaka chini ya kijani ikatoka nyeupe, na chini ya nyeupe ikatoka bluu iliyopauka. Hidaya alipoiona bluu hiyo aliijua. Ilikuwa rangi ya gari la baba. Abeid akachanganya rangi siku nne, akiilinganisha na kipande kidogo kilichobaki nyuma ya dashibodi ambako jua halikufika, na kila akikosea anamwaga anaanza upya. Injini aliisikiliza kwa mwiko wa ugali: upande mmoja ameuegemeza kwenye chuma, upande wa pili sikioni, macho ameyafumba.

Hidaya alimuuliza anapata nini kwenye taabu ile, na magari mapya yamejaa mjini.

“Kila bolti hapa kuna mtu aliikaza,” Abeid alimjibu, hakuacha kusugua. “Nikiifungua najua. Kuna aliyekaza kwa hasira, kuna aliyekaza kwa haraka aende zake. Mtu wa kwanza wa gari hili alikuwa mtulivu. Alikaza kiasi, hakuumiza hata uzi mmoja wa nati. Ningependa kumjua mtu yule.”

Hidaya aligeuka akajifanya anapima dirisha. Hapo ndipo alipompenda, na nasema wazi, alipenda kwa moyo wote kama mtu aliyekuwa akisubiri.

Unauliza mbona hakusema. Mwanzo aliumizwa na ule mkono wa kuku. Baadaye, mapenzi yalipoingia, woga ukawa mwingine. Akisema gari ni la marehemu baba yake, Abeid atajuaje kama anatakwa yeye au linatakwa gari? Akanyamaza. Na kiti hakikuisha, maana fundi hakutaka kiishe na mwenye kiti hakuharakisha. Jioni meseji zilikuwa zinapita kama kawaida ya wapendanao.

“Mama ananiuliza kiti gani hiki hakiishi,” Hidaya aliandika siku moja.

“Mwambie fundi ni mzuri sana, hatuna haraka,” Abeid akajibu. Kisha ikaingia nyingine. “Gari likiwaka tu, namtuma mjomba kwenu. Nikubalie kabla sijamsumbua mzee wa watu.”

“Mtume.”

Pijo likawaka siku ya Jumatatu. Hidaya alisikia kwenye simu linavyonguruma, akatokwa machozi, Abeid akadhani ni ya furaha tu. Jumatano akampigia tena, sauti imechangamka.

“Hidaya, kiti kitakuwa tayari Ijumaa? Mzee Gervasi wa Mwandiga anakuja kulichukua gari Jumamosi.”

“Kulichukua kulipeleka wapi?”

“Kwake. Ni lake. Nilimpa neno tangu mwaka jana nilipolivuta. Si unajua uani kwangu pana nafasi ya gari moja tu la kutengeneza? Nikimaliza namkabidhi mtu atakayelitunza, naanza jingine. Ndiyo kawaida yangu.”

Hidaya akakata simu. Alikaa muda akiangalia kile kiti, kisha akaandika.

“Kiti sikitoi.”

“Umesemaje?”

“Gari mpe umtakaye. Kiti sikitoi.”

Nusu saa haikupita, Landrova ikasimama nje ya kibanda. Abeid akaingia na grisi zake mikononi, akamkuta Hidaya amekaa juu ya kiti chenyewe, mikono ameifumbata. Ingekuwa siku nyingine wangecheka wote wawili.

“Nimekosa nini?” akauliza.

Hidaya alivuta droo, akamwonyesha lile kava la kwanza. Hakulitupa, alikuwa amelikunja vizuri.

“Mkono wa kuku ni wangu. Nilishona nikiwa mtoto. Hilo gari ni la baba yangu, na hiyo bluu uliyoitafuta siku nne niliijua kabla hujaipata.”

Abeid alilishika lile kava, akapitisha kidole juu ya uzi wa bluu taratibu.

“Miezi miwili, Hidaya. Kwa nini hukuniambia?”

“Ulicheka.”

“Nilicheka siku moja. Siku nyingine hamsini je?”

“Ningesema, ungejuaje kama nakutaka wewe au nalitaka gari?”

“Ningekuuliza, ungenijibu, ningeamini.” Alilirudisha kava mezani. “Sasa nimempa mzee wa watu neno langu. Amesubiri mwaka mzima. Unataka nifanyeje?”

“Nenda na neno lako, Abeid.”

Akaenda. Hakudai kiti, hakubamiza mlango, hakugeuka. Ingekuwa nafuu kama angegombana.

Bi Asia, mama yake Hidaya, hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka achoke, akamsogezea chai, ndipo alipoanza. Alisema yeye aliliaga gari lile siku lilipouzwa na hamdai mtu chochote. Kilichomuudhi ni kingine.

“Wewe umempa mwenzako mtihani, swali ukalificha. Halafu umekasirika amefeli. Baba yako angekucheka sana.”

“Nimemkosea, mama?”

“Umemkosea. Na yeye amekukosea kidogo. Lakini mtu anayeshika neno lake wakati moyo unamuuma, mimi nisingemwacha apite mlangoni kwangu akaenda kwa mwingine.”

Hidaya akashona Alhamisi na Ijumaa bila kuinuka. Alifanya kama Abeid alivyotaka, kava jipya rangi ya kahawia, mishono imenyooka kama ya kiwandani, pembe zimebana, sponji mpya. Uzi wa bluu hakuuweka popote. Kipande chenye mishono yake ya utotoni alikikata, akakirudisha kwenye droo, akafunga. Ijumaa jioni akatuma meseji.

“Kiti kiko tayari. Njoo uchukue umpe mzee gari lililokamilika. Nilikosea kukunyamazia. Nisamehe.”

Hakujibiwa. Akapiga, simu haipatikani. Jumamosi asubuhi, haipatikani. Akafungua kibanda kwa sababu kulikuwa na turubai la mteja la kumaliza, akawa anashona huku macho yameelekea barabarani. Saa saba mchana ikapita. Kwa hesabu zake, saa hiyo Pijo liko Mwandiga, mzee Gervasi ameshapata benchi lolote la kuwekea, na Abeid ameshavuta gofu jingine la gari kutoka huko alikolipata. Alijiambia ni haki yake.

Ndipo aliposikia ule mngurumo. Hakuinua kichwa kwanza. Alipokiinua, alimwona mama yake, aliyekuwa amekaa nje akichambua dagaa, ameweka ungo chini na kusimama.

Pijo la bluu lilikuwa linakuja taratibu, linang'aa, bati lote limenyooka, taa zake za mviringo safi. Ndani, dereva alikuwa amekaa ajabu, kichwa karibu kigonge paa, magoti yamebana usukani. Likasimama. Abeid akashuka kwa shida, anajishika kiuno.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Umekalia nini humo?”

“Kreti ya soda, mama. Kutoka Kibirizi mpaka Mwandiga, na Mwandiga mpaka hapa. Kiti si nimenyimwa?”

Bi Asia akajifunika mdomo kwa upande wa kanga. Hidaya alikuwa amefika mlangoni na sindano bado iko mkononi.

“Nilikutumia meseji jana,” alisema.

“Simu ilidumbukia kwenye ndoo ya mafuta ya taa. Sijaona meseji yoyote. Ilisemaje?”

“Ilisema nisamehe.”

“Na mimi nimekuja kusema hivyohivyo.”

“Mzee Gervasi je? Neno lako?”

“Nilimfuata kwake asubuhi, nimempelekea gari lake kama nilivyoahidi. Nikamweleza habari yote, ya baba yako na ya uzi wa nyavu. Nikamwambia, mzee, gari ni lako, ufunguo huu hapa. Ila kama utanikubalia, nakuomba uchukue Landrova yangu badala yake.”

Hidaya aliangalia barabarani. Landrova haikuwapo. Mjini kote hakuna aliyewahi kumwona Abeid bila Landrova ile.

“Landrova yako ya kwanza?”

“Ndiyo niliyojifunzia. Nilipoifungua injini yake nilikuwa sijui hata spana ya kumi na mbili na ya kumi na tatu. Zikabaki bolti tatu za ziada, mpaka leo sijui zinakaa wapi.” Akatabasamu, lakini macho yalikuwa mekundu. “Huo ndio ulikuwa mshono wangu wa kwanza. Mzee aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao, akakubali, na ameshakwenda Kibirizi kuichukua.”

Hidaya alimshika mkono, na grisi yake yote, mbele ya mama na mbele ya majirani waliokwisha kujaa.

Wakakitoa kiti, wakakifunga kwenye gari. Abeid alikagua kila pembe, akakikalia, akashuka, akatafuta kitu kwa macho.

“Mshono wako uko wapi?”

“Ulitaka kama kilivyotoka kiwandani.”

“Uweke.”

“Utaharibu kiti, Abeid. Mwaka mzima umehangaika kila kitu kiwe cha asili. Kiwandani hapakuwa na mshono huo.”

“Kiwandani hawakukujua.”

Basi Hidaya akafungua droo. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa gari na sindano nene, akakishonea kile kipande kuukuu palepale pake, upande wa dereva, juu ya kava jipya linalong'aa. Kava jipya lilikuwa linateleza, na mishono ya leo ikatoka imepinda karibu sawa na ile ya zamani. Abeid alishika upande wa pili wa kava lisiteleze, akamwambia avute uzi, asiuonee huruma. Hakuna aliyekuwa amemfundisha maneno hayo. Hidaya alilia huku anashona na hakujificha.

Walipomaliza, Bi Asia alikuwa ameshavaa viatu. Hakuombwa wala hakuuliza. Alizunguka upande wa abiria, akamwambia Hidaya aingie kwanza akae katikati, naye akapanda, akaushika mlango kwa mikono miwili, akauinua kwa nguvu, ndipo akaubamiza. Gari zima likatikisika.

“Mama,” Abeid akasema kwa upole, “bawaba nimeitengeneza. Mlango hauhitaji kuinuliwa tena.”

Bi Asia aliufungua. Akaufunga kwa vidole viwili tu, ukaingia bila kelele. Akaurudia tena. Akapapasa mkono wa mlango.

“Mume wangu aliniambia atautengeneza kesho,” akasema. “Miaka kumi na moja.”

Abeid akawasha gari. Bi Asia akajifuta uso kwa kanga, akatazama mbele.

“Huyo mjomba wako aje Ijumaa baada ya sala. Na mwambie aje na gari hili, asiniletee jingine.”