Salamu za Shahidi

Kifuniko cha Jicho la Pamoja kilikuwa kipana kama uwanja wa mpira, na hakikufunguka mpaka Tunu Mbelwa aweke kiganja chake ukutani. Jicho lenyewe lilikuwa darubini inayozunguka Mwezi. Nchi za Ulaya zilichangia kulijenga, kila moja ikatoa kipande chake, na kwa kuwa kila moja iliogopa kupunjwa na mwenzake, zilikubaliana kufuli la kiganja lishikwe na mtu wa nje, asiye na hisa. Walimwita shahidi. Zamu hii alitoka Singida.

Shahidi haruhusiwi kula na wahandisi. Haongei nao ila maneno ya kazi, asije akaegemea upande. Kwa hiyo Tunu alikula chumbani peke yake, na pembeni yake alisimama Kisaidizi, roboti wa mikono minne, aliyempashia chakula na kumuuliza kila siku swali lilelile: "Chumvi imetosha?"

Mhandisi wa matengenezo ya nje, Halfani Shekue, alizaliwa Ulaya kwa wazazi wa Lushoto. Siku ya kwanza alisema kwenye redio, "Dada, umeamkaje?"

Tunu hakuitika; salamu haikuwa neno la kazi.

"Ah, sasa nitaombaje mlango sijakusalimia? Mama akisikia, atanifuata na mwiko hata huku."

Tunu akawaeleza wakaguzi wa mkataba wa nchi hizo kwamba kwao Singida kazi haianzi bila salamu. Wakaguzi wakaruhusu salamu.

Basi salamu zikarefuka.

"Habari za kuamka?"

"Njema."

"Za Singida je?"

"Alizeti zimechanua. Mdogo wangu kanitumia picha."

"Na za huyo mpishi wako?"

"Bado ananiuliza chumvi."

"Mwambie aoe, apunguze maswali."

Tunu alicheka peke yake mle chumbani, kisha akaweka kiganja.

Siku moja salamu ilikuja fupi. "Umeamkaje, dada. Bawaba mpya ya kifuniko nimeshaifunga. Weka kiganja."

"Umeipima kwa baridi?"

Kipimo hicho ni kuiacha bawaba ipoe kabisa kwenye kivuli cha Mwezi, ionekane kama chuma kitapasuka.

"Halfani, nimekuuliza."

"Tukingoja kivuli, zamu ya timu yangu kutazama inapita. Tumeisubiri miaka. Bawaba ni nzima, naijua kama meno yangu."

"Ikikatika, kifuniko kinang'oka na kupiga chumba wanacholala wenzako."

"Haikatiki. Tunu, mimi na wewe si wa nyumbani?"

"Ndiyo maana nakuuliza tena. Umepima?"

Alimsikia akivuta pumzi ndani ya kofia ya chuma.

"Sijapima."

Tunu akauondoa mkono ukutani, akautia mfukoni, kana kwamba ungeweza kwenda wenyewe. Kisha akawaita wakaguzi, akawaambia.

Jicho likangojwa liingie kivulini, bawaba ikapoa, haikupasuka. Halfani alikuwa amesema kweli. Lakini mkataba haukuuliza hilo. Uliuliza kama alipima. Timu yake ikapoteza zamu, naye akaamriwa kurudi duniani.

Mlango wa chombo cha kuondokea nao ulitaka kiganja cha shahidi. Ndipo Tunu alipomwona uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na begi lake lilikuwa dogo.

"Shahidi, naomba mlango," alisema Halfani.

Tunu akamtazama, mkono wake hewani.

"Shahidi. Mlango."

Akaweka kiganja. Mlango ukafunguka, ukajifunga.

Chumbani, Kisaidizi alikuwa ameshapasha chakula. "Leo umechelewa kuweka kiganja," alisema. "Mkono unauma?"

"Hauumi," Tunu alijibu. "Nilikuwa nasubiri anisalimie."