Cherehani Hailali na Njaa

Mavyaa alikuwa na kawaida moja. Kila akimaliza kushona aliweka kipande cha kitambaa chini ya mguu wa cherehani, ule unaobana nguo, akaushusha mguu, akafunika. Asubuhi alikitoa akakichoma moto kabla hajagusa chai. Mkaza mwana wake, mshonaji naye, alidhani ni kuzuia mafuta yasichafue nguo za watu. Hakuuliza. Mavyaa hakuwa mtu wa kuulizwa.

Mavyaa akafa. Mwanawe alikuwa ametangulia, kwa hiyo nyumbani wakabaki mkaza mwana, binti yake wa miaka sita na ile cherehani ya mkono, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. Mkaza mwana hakulia msibani. Majirani wakasema ana moyo mgumu. Mgumu wapi? Hakusikia kitu, basi.

Usafi ndio uliomponza. Alikitupa kile kitambaa, akafuta meza, akafunika cherehani tupu.

Kesho yake ikaanza kuruka mishono. Akabadilisha sindano, akapitisha uzi upya, akachokonoa vumbi chini ya kibati cha sindano, akadondosha mafuta kila tundu. Ndani ya nyumba ya bobini, pakaapo uzi wa chini, alikuta ngozi kavu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Akaipuliza. Cherehani ikakubali. Ikakubali mno: aliachia mkono wa cherehani nao ukazunguka tena peke yake, na mafuta yakanuka nywele zilizoungua.

Adhuhuri ile akaona uzi umepita kidoleni mwake. Mishono mitatu, midogo, iliyolingana. Damu hakuna, maumivu hakuna. Akaukata uzi kwa meno, akaendelea na kola.

Siku ya nne mkono wake mzima ulikuwa kama wa kuazima. Jioni akatia mkono kwenye maji ya kumwogesha binti, akaona sawa, akammwagia.

"Mama, maji yanachoma," mtoto akasema.

Mgongo ulishaanza kuvimba malengelenge. Mkaza mwana akautazama. Alijua inampasa aogope, akaitafuta hofu kama mtu atafutaye miwani yake, asiione. Leo mgongo, akafikiri, kesho nitamuua huyu bila kusikia.

Akamwita Spana, mzee mtengeneza mashine, ambaye watu walisema anatengeneza vyuma na visivyo vyuma. Spana akafunua, akanusa, akauliza kitambaa kiko wapi. Akaambiwa kimetupwa.

"Wewe mwanangu ulidhani yule bibi anakibembeleza chuma?" akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa. "Humu mna mkaaji. Alikuwa anamlisha."

"Anataka nini?"

"Kushona. Asipopewa nguo anashona anachokikuta. Na akishonacho ni chake."

Spana akaweka kitambaa, akamwambia mkaza mwana azungushe kinyumenyume mara saba, jambo ambalo mshonaji yeyote mwenye akili halifanyi, maana uzi hujisokota. Akazungusha, na mkono ukawa mzito kama umeshikwa upande wa pili, na chini ya mlio wa chuma kukasikika mlio mwingine, kama bibi anayelamba ncha ya uzi kabla ya kuutunga, na harufu ya nywele ikajaa chumba hadi Spana akaziba pua, na maumivu yakamwingia kidoleni, yakapanda kiganjani, kiwikoni, begani, hata mzunguko wa saba akauma kanga yake asilie, na machozi ya misiba miwili yakatoka yote pamoja.

Spana akakusanya vyombo vyake. Kitambaa kipya kila jioni, akasisitiza, bila kukosa. Mlangoni akageuka.

"Ila ameshaonja ngozi. Na aonjaye asali huchonga mzinga."

Jioni akakiweka kitambaa, akaushusha mguu, akafunika.

Asubuhi alikikuta kisafi. Hakuna mshono, hakuna hata tundu la sindano. Akashusha pumzi. Kumbe mkaaji ameondoka. Akachukua dawa ya kuungua, akaenda kumpaka binti, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa mkono wake ukasikia ubaridi wa kile kichupa.

Mtoto alikuwa amekwisha amka, ameketi kitandani, ametulia. Mama akamfunua gauni. Malengelenge yalikuwa yamekunjwa, yakashonwa juu kwa juu, mishono midogo, iliyolingana, toka shingoni hadi kiunoni.

"Usinipake, mama," binti akasema. "Hauumi tena."