Bendera Nyekundu Mbele ya Hoteli

Kila Jumamosi, chai ikiwa bado ya moto mezani, mama yake Pilipili huwa ameshavaa fulana yake ya njano na kutundika filimbi shingoni. Yeye ni mlinzi wa waogeleaji, ameajiriwa na halmashauri ya mji. Akifika ufukweni, husimama maji yakimfika magotini, akayatazama mawimbi kwa muda mrefu. Akisharidhika ndipo huchagua bendera. Ya kijani, watu waoge. Nyekundu, asiingie mtu, maji yanavuta.

Binti yake wa darasa la sita hufuatana naye, pamoja na mdogo wake wa miaka minane. Shuleni binti huyo anaitwa Pilipili, kwa jinsi hasira zake zilivyo karibu. Akiona jambo la uonevu, hata kama halimhusu, lazima aseme.

Na ufukweni uonevu ulikuwepo. Upande wa miamba, kwenye mnara wa ulinzi wa mama, bahari ni kali. Lakini mbele ya hoteli kuna ghuba ndogo, maji yake yametulia kama ya kwenye beseni. Hapo ndipo watoto wote wa mtaani walipojifunza kuelea, na wazazi wao kabla yao. Ni mahali pa umma. Ila mwaka jana hoteli ilisimika mlingoti wake, ikapandisha bendera nyekundu. Upepo uvume, usivume, bendera haishuki.

Jumamosi hiyo Pilipili, mdogo wake na wenzao wawili walikuwa wameshavua ndala pale ghubani askari wa hoteli alipowajia.

"Nyie! Rudini huko! Hamuioni bendera?"

"Tunaiona, mjomba," Pilipili alisema. "Ila wale mbona wanaoga?"

Wageni wa hoteli walikuwa wanaelea chini ya bendera ile ile. Mmoja alikuwa anamsukuma mtoto mchanga ndani ya boya.

"Wale ni wageni."

"Kwani mkondo huuliza namba ya chumba?"

Wenzake walicheka. Askari naye alibana midomo asicheke. "Ndiyo maana wanakuita Pilipili. Mwanangu, mimi naagizwa tu. Mwenye nguvu mpishe. Nendeni kwenye miamba."

Walikwenda, wenzake wakinung'unika na Pilipili akipiga mchanga mateke. Kwenye miamba nako bendera ilikuwa nyekundu. Mama alikuwa ameinama nyuma ya mnara, akimfunga bandeji fundi viatu aliyekanyaga chupa.

"Dada, hapa pia nyekundu," mdogo wake alisema.

"Nyekundu ni kitambaa cha kufukuzia watu. Wenzetu wanaoga chini yake kila siku. Nani amekufa?"

"Na hii ya mama?"

Pilipili aliitazama bendera ya mnarani. Alijua vizuri kwamba mama hapandishi bendera ovyo. Lakini kifua kilikuwa kimemjaa. "Tunaishia magotini," alisema, akamshika mkono wakaingia.

Wimbi la pili liliuvuta mkono ule ukamchomoka. Kufumba na kufumbua, kichwa cha mtoto kilikuwa mbali, kikizama na kuibuka. Pilipili alipiga ukelele. Filimbi ililia, na mama akawa tayari ndani ya maji na boya lake.

"Usipigane na maji!" alipaza sauti. "Lala chali, mwanangu! Lala chali!"

Alimfikia, akamlaza juu ya boya. Hakurudi moja kwa moja. Aliogelea kuufuata ufukwe mpaka nje ya mkondo, akatokea mbali kabisa na mnara. Mtoto alitapika maji, akalia. Kilio hicho kilimfanya mama akae chini mchangani.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

"Wimbi lilimfuata mchangani likamchukua," Pilipili alijibu. Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Mdogo wake alimtazama.

Kufika Jumatatu maneno yalikuwa yametapakaa mtaani. Jirani yao, muuza mkaa, alisema mbele ya wateja, "Mlinzi gani huyo, mtoto wake mwenyewe anachukuliwa mchangani yeye hana habari?" Meneja wa hoteli naye aliandika barua halmashauri: mlinzi huyu aondolewe kazini, na ufukwe wote ufungwe kwa umma, kwa usalama wa watu.

Jumanne mchana afisa wa halmashauri, mwanamke mmoja mnene mwenye faili kwapani, alikuja mpaka mnarani. Meneja alikuwepo, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Pilipili alisimama pembeni na sare yake ya shule.

"Nimeikubali lawama," mama alikuwa anasema polepole. "Kama wimbi lilifika mchangani nami sikuliona, basi..."

"Halikufika!" Pilipili alisema. Alisogea mbele ya afisa. "Mama, nilikudanganya. Bendera niliiona. Mimi ndiye niliyemwingiza."

Mama aligeuka, akamtazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Si mnasikia?" meneja alidakia. "Hawa watu hawaheshimu bendera! Fungeni ufukwe."

"Na kwa nini hukuiheshimu?" afisa alimuuliza Pilipili.

"Kwa sababu ya kwao hotelini ni ya uongo, shangazi. Iko juu kila siku, na wageni wanaoga. Nikaona zote ni hivyo hivyo."

"Bendera yetu ni ya usalama," meneja alisema.

"Leo iko juu?" afisa alimuuliza.

"Kila siku."

Afisa alifunga faili. Alivua viatu, akavishika mkononi, akatembea mpaka ghubani, wengine wote nyuma yake. Wageni sita walikuwa majini, wawili wakirushiana mpira. Afisa aliingia mpaka magotini, akasimama hapo. Maji hata hayakumtikisa.

"Meneja," aliita, "bendera inasema hapa pana hatari. Watoe wageni wako sasa hivi, wote. Kama hakuna hatari, ishushe."

Meneja aliwatazama wageni. "Tulitaka tu wageni wapate utulivu..."

"Kwa utulivu wa wageni wako mtoto angekufa!" Sauti ya afisa ilipanda mpaka mpira ukasimama. "Onyo la hatari si pazia la kufichia watu wasiotakiwa. Kuanzia leo, bendera ufukwe mzima inapandishwa na mlinzi peke yake. Na ghuba ni ya wote."

"Kamba ndiyo hii, bosi," askari alisema haraka, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaanza kuishusha.

Wenzake Pilipili, waliokuwa wakichungulia, walikimbilia majini wakishangilia. Yeye hakuwafuata. Alimwendea mama, macho chini.

"Siku tatu," mama alisema. "Siku tatu nimejilaumu, usingizi sipati, nawe unanitazama tu."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize. Hasira yako ilikuwa ya haki, na leo umesema kweli ilipokuwa ngumu kusemwa. Yule bwana alitia uongo kwenye onyo, ukaacha kuniamini hata mimi. Wewe nawe ulitia uongo kwenye ajali, mtaa mzima ukaacha kuniamini. Mnatofautiana nini?"

Machozi yalimtoka Pilipili.

"Ukionewa, sema, piga kelele, hata mimi nitapiga nawe. Ila usiingie majini kwa hasira. Bahari haijui nani ameonewa." Mama alimfuta machozi kwa pindo la fulana. "Sasa nenda kwa muuza mkaa. Mwambie ilivyokuwa, mbele ya wateja wake. Ukimaliza, njoo tuoge."