Kiti cha Mbele

Jua lilikuwa limekwisha kuegemea vilima Waitara alipotoka kwao Nyamwaga, gunia kwapani, kwenda dukani kununua chumvi ya ng'ombe. Hakuaga. Ugomvi wa mchana kutwa ulikuwa bado unamchemka kifuani.

Walikuwa wamegombana juu ya motokaa.

Bwana mmoja wa mgodi wa dhahabu alikuwa anarudi kwao Ulaya, naye alitangaza kuuza motokaa yake ya fahari: nyeusi, ndefu, usukani wenye pete ya fedha, viti vya ngozi nyekundu. Waitara, aliyekuwa dereva wa jeshi wakati wa vita, aliiona siku moja mjini Tarime, akaizunguka polepole kama mtu azungukaye kaburi. Tangu siku ile usingizi ulimpa kisogo. Fedha ya kahawa haikufika hata nusu ya bei. Nusu iliyobaki ilikuwa zizini, ikicheua.

Ng'ombe wale walikuwa mahari ya Robi, dada yao aliyeolewa Susuni. Na katika nyumba ya mzee Mseti, ng'ombe wa mahari waliitwa kwa jina la binti aliyewaleta. "Robi wamekunywa?" mzee angeuliza jioni. "Robi wamekunywa, tata," wangejibu wanawe. Robi hao walikuwa wa Heche, mdogo wake Waitara. Kwa hao angeoa, kama Waitara mwenyewe alivyooa kwa ng'ombe wa dada yao mkubwa. Ndiyo sheria ya nyumba, na hapana aliyewahi kuivunja.

"Motokaa haizai, kaka," Heche alikuwa amesema mchana ule. "Haikamuliwi. Na ikifa, hailiwi."

"Utapata ng'ombe wengine."

"Nitawapata wapi? Au nina dada mwingine niliyemficha ghalani?"

Mzee Mseti alikuwa amekohoa kwanza, kama afanyavyo kabla ya neno zito. "Kama ni magurudumu unayoyataka, mwanangu, changa na wenzako mnunue lori. Bebeni kahawa ya watu. Lori hujilipa lenyewe."

"Lori ndilo lililombeba mama," alijibu Waitara.



Mwaka uliotangulia mama yao, Bernadetha, alishikwa na tumbo. Wakasimamisha lori barabarani, lori la ngozi mbichi. Mbele, kando ya dereva, kulikuwa na kiti, na juu ya kiti amekaa mbwa wa bwana mwenye lori. Dereva alisema ameagizwa asimwondoe. Basi mama akalazwa nyuma juu ya zile ngozi, juani, nzi wakimla macho. Waitara alikipakata kichwa chake njia nzima. Kila alipoinua uso aliona, katika kidirisha cha nyuma ya dereva, masikio ya mbwa yakipepea kwa upepo. Walipofika mjini, kichwa kile kilikuwa kimekwisha kuwa kizito kwa uzito ule usiopungua.

"Nataka kiti cha mbele," alisema Waitara. "Changu. Na atakayekaa kando yangu nimchague mwenyewe."

"Mama hatakaa hapo," alisema Heche. "Mama ni wetu sote. Usimfanye gunia la kufichia tamaa yako."

Hapo ndipo Waitara alipolichukua gunia lingine, la chumvi, akaondoka.

Sasa alikuwa anarudi, chumvi begani, giza likitambaa kutoka mtoni. Alipokaribia kivuko, vyura walinyamaza.

Wote. Kwa mara moja.

Kisha akaisikia harufu. Ngozi mbichi... ngozi iliyokaa juani siku mbili.

Motokaa ilikuwa imesimama ng'ambo ya maji. Ndiyo ile. Nyeusi, ndefu, viti vyekundu. Barabara nyuma yake ilikuwa ya vumbi jembamba kama unga wa mtama, na juu ya vumbi lile hapakuwa na alama ya gurudumu.

Waitara alivuka. Mtu aliyevaa koti la kaki aliegemea mlango, kofia imemfunika macho.

"Nimesikia unaitaka," alinong'ona.

"Nani aliyekuambia?"

"Hasira yako ina sauti. Inasikika mbali."

Waitara aliitua chumvi. "Bwana anaiuza kwa fedha. Sina ya kutosha."

"Bwana amekwisha kuondoka. Mimi sitaki fedha." Yule mtu alivuta pumzi kwa pua, kama anayenusa. "Una nini nyumbani?"

Busara ilimwambia Waitara aokote chumvi yake aende. Lakini aliyakumbuka maneno ya Heche, yakamwasha upya kama pilipili katika kidonda. Gunia la kufichia tamaa. Mtoto wa juzi, amwambie hivyo.

"Nina Robi," alisema. "Ninawatoa Robi."

"Unamtoa Robi," alinong'ona yule mtu.

Waitara alilisikia kosa. Huku kwetu kila mtu hukivunja Kiswahili kwa namna yake, na Waitara, aliyesoma misheni, alikuwa na desturi ya kumsahihisha kila mtu, hata wazee, hata wageni, hata Heche nduguye, aliyempachika jina la Bwana Sarufi. Siku nyingine angesema: si *unamtoa*, ni *unawatoa*, hao ni wengi. Siku ile ulimi ulikuwa na haraka.

"Ni wako kumtoa?"

"Mimi ndiye mkubwa."

"Umemtoa kwa moyo?"

"Nimemtoa," alijibu Waitara, akikiiga Kiswahili kile kibovu, nusu kwa dhihaka.

Yule mtu akacheka bila sauti. Akamtilia ufunguo mkononi. Ulikuwa baridi, una unyevunyevu... kama pua ya mbwa.

"Nitamchukua," alisema. Akaingia majani ya mtoni, na majani hayakutikisika.

Waitara alipoifikisha motokaa nyumbani, mbwa wao hakubweka. Alirudi kinyumenyume hadi uani, mkia tumboni. Mzee Mseti alitoka na taa, akasimama mbali.

"Inanuka," alisema, akarudi ndani.

Heche yeye alichukua upinde wake akakaa mlangoni pa zizi.

"Atakuja mtu kuwachukua," alisema Waitara.

"Aje."

Hapana aliyekuja. Asubuhi Robi wote walikuwa zizini, wakicheua kwa amani. Waitara alicheka kicheko kikavu. "Unaona? Motokaa ninayo, na ng'ombe unao. Ungenishukuru."

"Umeiiba?"

"Nimeinunua."

"Kwa nini? Kwa kitu gani kilichopungua hapa?" Heche aliushika mlango wa zizi kwa mikono miwili. "Nionyeshe kilichopungua, kaka. Hakuna anayegawa kitu kama hiki bure."

Waitara alitwaa kitambaa akaenda kuifuta motokaa, akaifuta hadi jua likageuka. Harufu haikutoka.

Jioni mbwa alilia. Wageni walikuwa wanapanda kutoka barabarani: Simoni, mumewe Robi, pamoja na mama yake. Yule mama alikuwa amebeba mtoto mchanga wa Robi, na mtoto alikuwa analia kilio cha sauti iliyokwisha kukauka.

"Shikamoo, mzee," alisema Simoni.

"Marahaba. Mbona na mtoto? Mama yake yuko wapi?"

Simoni alimtazama mkwewe, kisha akamtazama Waitara. Uso wake ulikuwa na vumbi la njia nzima, na chini ya vumbi, hasira.

"Hilo ndilo nimekuja kuliuliza. Mtoto hajanyonya tangu jana. Tumempa maziwa ya ng'ombe, anatapika. Kama ni deni la mahari, ungeniita kwa wazee, shemeji. Humchukui mke wa mtu hivyo."

"Mimi nimemchukua nani?"

"Ulikuja jana, giza likiingia. Nilikuona mwenyewe kwenye usukani, na motokaa hii hii. Hukushuka, hukusalimu. Ulipiga honi, ukamwita Robi kwa jina. Akafurahi, maskini. Akanipa mtoto, akasema, kaka amenunua motokaa, ngoja niione, narudi sasa hivi. Akapanda nyuma."

"Jana jioni motokaa ilikuwa hapa," alisema mzee Mseti taratibu. "Niliiona kwa macho yangu."

"Mzee, nami niliiona kwa macho yangu."

 Heche alitoka zizini akamshika kaka yake ukosi.

"Uliambiwa nini na aliyekupa motokaa hii? Yaseme kama yalivyosemwa. Usiongeze, usipunguze."

Waitara aliyasema. Alisema *ninawatoa*. Alisema *unamtoa*. Mwisho alilisema neno lake mwenyewe: *nimemtoa*.

"Wewe," alisema Heche, akamwachia kama mtu anayetupa kitu kilichooza. "Wewe unayetusahihisha sote."

Mzee Mseti alimpokea mjukuu kutoka kwa yule mama. Hakupandisha sauti.

"Dereva yule wa lori aliagizwa na bwana wake asimwondoe mbwa," alisema. "Wewe, Waitara, uliagizwa na nani?"

Waitara aliingia motokaani akakimbia nayo. Alipita mashamba ya mahindi, alipita migomba, akafika kivukoni mwanga wa mwisho ukiwa juu ya maji. Gunia la chumvi lilikuwa bado pale alipolitua. Lilikuwa tupu, limelambwa ndani na nje.

"Nirudishie," aliuambia mto. "Ng'ombe wapo. Chukua ng'ombe. Chukua na motokaa yako."

Vyura walikuwa kimya.

"Nilisema *ninawatoa*," alisema, na sasa alikuwa analia kwa hasira, akiupiga usukani kwa ngumi. "Ulisikia. Unajua nilichokusudia."

Harufu ilipanda. Nyuma yake springi zililia kidogo, na motokaa ikainama, kama inavyoinama gari mtu anapolazwa ndani yake. Waitara hakugeuka. Alikitazama kioo: viti vyekundu, na juu ya viti giza tu.

"Robi?"



Kisha kiti cha kando yake, kile alichosema atakichagulia mtu mwenyewe, kikabonyea. Ngozi nyekundu ililia chini ya uzito. Pumzi ya moto, ya haraka haraka, ikamgusa mkono wa kushoto.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, chini, karibu na sakafu. Ilikuwa ya dada yake, lakini imechoka kama ya mama yao.

"Kaka," iliuliza, "kwa nini mbwa amekaa mbele?"