Macho ya Bénie

"Nani alimufungua mutoto yangu macho?"

Mama Germaine aliuliza hivyo akiwa mlangoni mwa atelye ya Clovis, katika komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu wala si ile nchi, kitambaa cha kilio kingali kichwani. Mkononi alishika afishi ya filamu aliyoibandua ukutani sokoni, gundi yake ingali inanata. Clovis alijifanya anatafuta waya wa mashine. Edith, binti pekee aliyembakia huyo mama, aliinamia kompyuta kana kwamba hamjui.

Atelye ile ilitengeneza vitu viwili: mabango ya kilio na afishi za filamu. Wiki sita nyuma, Edith mwenyewe alikuwa ametengeneza bango la dada yake, Bénie, aliyekufa kwa malaria. Picha aliichagua mama: Bénie anacheka, macho yamefumba, maana Bénie hakuwahi kucheka macho wazi. Na ni mama huyohuyo aliyeyafumba mara ya mwisho, kwa vidole vyake.

Kisha ikaja filamu ya jini mwanamke, ya kuonyeshwa katika ukumbi wa parokia. Clovis akapekua picha zote za kompyuta, akasimama kwenye uso wa Bénie.

"Ule njo jini yetu," alisema. "Sura iko muzuri, na muzuri njo inaogopesha. Unaweka sura kubwa, muntu aione hata akiwa mu bisi inapita mbio. Chini, giza. Maandishi, nyekundu. Lakini macho, Edith! Macho ya kufunga haiite muntu. Afishi inapashwa kukuangalia mupaka unageuka."

"Yaya Clovis, ule ni dada yangu," alisema Edith, akimwita kaka kwa heshima.

"Na sura yake inalala bure mu kompyuta. Nayo tuizike?"

Hoja gani hiyo? Kama marehemu hana haki hata ya uso wake, ana haki ya nini basi? Jibu hilo lilikuwa mdomoni mwa Edith, akalimeza. Wala hakulimeza kwa woga. Wiki sita nzima alikuwa akitamani dada yake amtazame tena, hata mara moja tu. Akajipiga picha kwa simu, akakata macho yake mwenyewe, akayapachika katika uso wa Bénie. Yakakaa kama yaliyozaliwa pale. Dada akamtazama. Edith akalia, kisha akachapisha afishi mia mbili.

Siku afishi zilipobandikwa, Edith alikuwa anaoga. Akafumba macho kwa ajili ya sabuni, na hakuona giza. Aliona barabara ya Luano, pikipiki, vumbi, muuza karanga anamnyooshea kidole. Akafumbua: ndoo, ukuta wa bafu. Akafumba: soko, watoto wanapiga kelele na kukimbia. Harufu ya gundi ya unga wa muhogo, chachu, ikajaa bafuni, na karibu kabisa na sikio lake ikaja pumzi ya mtu aliyesimama muda mrefu.

"Edi," sauti ilinong'ona. "Miye minachoka kusimama."

Tangu hapo hakulala, kwa sababu kila alipofumba macho alikuwa kwenye kuta mia mbili kwa pamoja, jua likimpiga kwenye ukuta huu na mvua ikimlowesha kwenye ule, wanaume wakisimama kumtazama na kutema mate na kucheka, na popote alipogeuka palikuwa na mtu mwingine anayeangalia, na Bénie akihema ndani ya sikio lake, polepole, kama mgonjwa anayengoja zamu isiyofika.

Asubuhi ile mama alipouliza mlangoni mwa atelye, Edith alimfuata hadi nyumbani.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ni miye nilimufungua."

Mama Germaine hakumpiga. "Juu ya nini?"

"Nilitaka aniangalie."

"Hata miye nilitaka," mama akasema. "Lakini nilimufunga."

Walikwenda kwa mama Chishimba, anayeosha maiti wa parokia. Akaitazama ile afishi, akafanya ishara ya msalaba.

"Musiichane, musiichome. Jicho ukichana linabakia wazi. Kila moja mulifunge na mukono, sawa ya mufu. Kisha njo mubandue."

Clovis alitoa ngazi. Hilo tu: ngazi. Siku tisa mama na binti walizunguka mji, mama akiweka kiganja juu ya yale macho makubwa mbele ya watu wote na kusema, "Lala, Bénie." Na kila mara, ndani ya kichwa cha Edith, ukuta mmoja ulizimika.

Umebaki mmoja. Akifumba macho, Edith anaona samaki wakavu kwenye majamvi, na nyuma yao maji mapana. Anadhani ni Pweto, kule ziwani. Huenda mfanyabiashara alibeba afishi akapambia kibanda chake. Walikwenda, wakauliza, hawakuiona. Bénie hasemi tena. Anahema tu. Na mama bado hajavua kile kitambaa.

Basi wewe unayesoma, ukipita Pweto ukamwona mwanamke mzuri anakutazama mpaka unageuka, usikimbie. Weka kiganja juu ya macho yake. Mwite kwa jina, Bénie. Mwambie alale.