Kidole Kilichonitenganisha na Zaina

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita. Nimeachika, nina binti mmoja, Rehema, aliyeolewa Pangani, na naishi Makorora, hapa Tanga, katika chumba ambacho vitabu vimechukua nafasi kubwa kuliko kitanda. Kazi yangu ni kutunga riwaya. Maisha yangu yote nimebuni wasaliti, wanafiki na wazandiki... na hilo ndilo lililoniponza. Ukizoea kuwatunga wabaya, unaanza kuwaona hata pale wasipokuwepo.

Kabla hamjanihukumu, nieleze nilikotoka. Miaka mingi nyuma nilimpa mtu mmoja mswada wangu ausome. Alikuwa mcheshi, mtafuna tambuu, na nilimwamini. Baada ya muda nikakikuta kitabu mezani kwa muuza vitabu: maneno yangu, jina lake. Mswada ulikuwa mmoja tu, na alikuwa nao yeye. Ningemshitaki kwa ushahidi gani? Nililia mpaka macho yakavimba, na tangu siku hiyo nikawa yule aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Nikabakiza watu wawili tu wa kusoma kazi zangu. Wa kwanza ni Mwalimu Yohana, Msambaa wa Lushoto, mstaafu, Mlutheri asiyekosa ibada wala kusamehe koma iliyokaa vibaya. Wa pili ni Zaina, shoga yangu tangu darasa la tatu, fundi cherehani, anaishi na mama yake mitaa miwili kutoka kwangu.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Naandika sura kwa mkono, naitolea kopi, na Jumamosi baada ya alasiri wanakuja kwangu kunywa kahawa. Kila mmoja anaondoka na karatasi zake, na Jumamosi inayofuata anazirudisha zikiwa na alama za penseli. Mwalimu alijaza pembeni maelezo marefu kama ripoti ya kufunga shule. Zaina alikuwa na alama mbili tu: mstari mahali palipomliza, na duara mahali aliponiona nadanganya. Duara la Zaina halikuwahi kukosea hata siku moja.

Na sharti langu lilikuwa moja. Karatasi zile zisionwe na mtu wa nne. Wote wawili waliniahidi.

Basi nikaanza riwaya ambayo moyoni niliita kitabu cha maisha yangu. Ni habari za mwanamke aliyeletewa maiti kutoka baharini, imeharibika sura, akaambiwa huyu ni mumeo. Akamzika. Akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Siku aliyotoka eda, anasikia hodi mlangoni, na sauti ni ya mume. Amfungulie au asimfungulie? Hapo ndipo kitabu kizima kiliposimama. Mwisho niliujua mimi peke yangu.

Tulipofika sura ya tisa nikaona jambo. Karatasi za Zaina zilirudi na doa jekundu pembeni. Nikalinusa... tambuu! Zaina hatafuni tambuu. Tanga nzima wanatafuna wangapi? Lakini mimi nilimkumbuka mmoja tu, yule mwizi wangu wa zamani.

Nikaanza kuchunguza. Nikaona Zaina siku hizi anachelewa kurudisha. Nikaona kila Jumamosi anauliza swali lile lile, "Mama Rehema, hebu niambie, atamfungulia?" Zamani hakuwa hivyo, alikuwa na subira. Nilipomuuliza mbona una haraka, alicheka akaangalia pembeni. Kwa nini aangalie pembeni? Nani alimtuma aulize?

Kisha ikaja ile siku ya sokoni. Nachagua mihogo, nyuma yangu wanawake wawili wanazungumza, mmoja anamwambia mwenzake habari za mwanamke aliyemzika asiye mumewe. Mihogo ikanidondoka. Kitabu hakijachapwa, hakijafika popote, na hadithi iko sokoni! Nilipogeuka walikuwa wameshaingia kwenye msongamano.

Wiki ile sikula vizuri. Ni Zaina au ni Mwalimu? Kila mmoja nilimpima kwa zamu. Mwalimu akinisifu, nasema ananilaghai. Zaina akinyamaza, nasema dhamiri inamsuta. Mpaka kahawa niliyowamiminia niliiona kama nawanywesha maadui zangu.

Nikatega mtego wa kiandishi. Sura ya kumi na tano, pale mume anapoonekana kwa mara ya kwanza kupitia ufa wa mlango, niliandika mara mbili. Kwenye karatasi za Mwalimu, mume amerudi anachechemea. Kwenye karatasi za Zaina, mume hana kidole cha shahada mkono wa kulia. Nikawagawia huku natabasamu. Nilijiona mjanja sana, wenzangu.

Hazikupita wiki tatu, binamu yangu akaoza mwanawe huko kijijini Moa. Nikapanda basi, nikashuka njia kuu, nikachukua bodaboda, nikafika wanawake wako uani wanakuna nazi za harusi. Wengi hawakunijua. Nikaamkia, "Shikamooni," wakaitikia, nikapewa mbuzi yangu nami nikaanza kukuna. Alikuwepo mama mmoja mnene mwenye sauti ya kupendeza, anawasimulia wenzake, na wote wamenyamaza.

"Basi akachungulia ufani," akasema yule mama, "akauona mkono. Mkono ni wa mumewe, na pete ni yake. Lakini kidole cha shahada hakipo."

Wanawake wakashusha pumzi. Mimi nikasimama. Sikuuliza, mama, hadithi hii umeipata kwa nani? Sikungoja amalize. Nilitoka na harusi sikuiona, nikarudi Tanga siku ile ile, na njia nzima napanga maneno. Maneno ndiyo kazi yangu.

Nilimkuta Zaina barazani kwake anashona, wateja watatu wanangoja nguo zao. Ningeweza kumwita pembeni. Sikumwita. Nilisimama mbele ya wale wateja nikamwita mwizi. Nikamwambia urafiki wa miaka thelathini na zaidi ameugeuza mtaji, nikamwambia amemuuzia kitabu changu yule yule aliyeniua mara ya kwanza. Nilisema mengine ambayo hata katika riwaya zangu sijapata kumpa mhusika kuyasema.

Zaina alisimamisha cherehani. Hakupandisha sauti.

"Mama Rehema, ingia ndani nikuoneshe," alisema.

"Yaliyomo humo ndani nayajua," nikamjibu.

"Huyajui. Ingia tu, shoga yangu. Mara moja."

Sikuingia. Niligeuza mgongo nikaondoka nimeinua kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.

Jioni hiyo hiyo sura zote alizokuwa bado nazo zilirudi kwangu kwa mkono wa jirani, zimefungwa kwenye kanga, zimepangwa kwa namba, hakuna hata karatasi moja iliyopungua. Mwizi gani anarudisha hivyo? Swali hilo lilinijia, wallahi lilinijia, nikalifukuza.

Nilipomweleza Mwalimu Yohana habari za mtego, alivua miwani. "Kwa hiyo hata mimi ulinitegea," akasema. Kisha akaniuliza, "Ulimuuliza, au ulimhukumu?" Nikamjibu ushahidi ninao. Akasema ushahidi wangu unaonesha hadithi imepita wapi, hauoneshi imepitaje. Nikamwona mzee anayetetea asiyoyajua. Jumamosi zikaendelea, watu wawili, kahawa inapoa. Sura zilizobaki niliziandika kwa hasira na hapakuwa na mtu wa kunichorea duara.

Miezi miwili baadaye ukaja msiba. Mama yake Zaina, Bi Mwanakombo, amefariki. Nilisitasita, lakini mtu hasusiwi msiba. Nikajifunga kanga nikaenda, nikakaa mkekani karibu na mlango.

Kidogo mtu akaniketia ubavuni. Nikageuka... ni yule mama mnene wa Moa. Akanikazia macho.

"Wewe si uliyekuja harusini, ukaondoka naongea?"

Nikasema ndiye mimi, mama.

"Ukanivunjia hadithi. Nilikuwa sijawatajia hata mwenyewe. Mimi hadithi ya mtu siisimulii bila kumtaja mwenyewe, ni adabu mbaya. Ni ya Mama Rehema wa Makorora, shoga yake Zaina. Unamfahamu?"

Wasomaji, niliivuta kanga nikajifunika uso.

Yule mama akanieleza yote, hajui anamweleza nani. Kwamba yeye na marehemu walikuwa mtu na mdogo wake. Kwamba dada yake alishikwa na mtoto wa jicho, macho yakafunga, akawa hatoki uani, kutwa amekaa na tambuu yake na miyaa yake ya kusukia mikeka. Hakuwahi kujua kusoma. Zaina alipomwona mama yake anazidi kunyong'onyea, akaanza kumsomea sura moja moja baada ya alasiri. Majirani waliokuja kusuka ukili wakasikia, wakaanza kungoja. Bi Mwanakombo alikuwa akishika karatasi kwa mikono yake yenye tambuu, anasema nipe nimpapase huyo mwanamke. Na kila aliyekuja kumjulia hali aliondoka na hadithi kwenda nayo kwao.

Lile doa. Lile swali la kila Jumamosi... halikuwa la Zaina. Lilikuwa la mama yake.

Mimi mwandishi nilijua hadithi inaibwa kwa karatasi tu. Nilisahau kwamba bibi zetu walikuwa nazo kabla karatasi hazijafika pwani hii. Asiyejua kusoma hakunipitia akilini kabisa, ingawa tambuu yake niliijua tangu utotoni.

"Siku moja akaja mtu barazani kumtukana Zaina," akaendelea yule mama, "na dada yangu yumo ndani anasikia kila neno. Akasema, hadithi iliyomfanya mwanangu aitwe mwizi siitaki tena. Lakini maradhi yalipomzidi, akauliza. Zaina, yule mwanamke alifungua mlango? Tukamwambia Zaina, mdanganye mama yako, mtungie mwisho wowote afurahi. Akakataa. Akasema hadithi ina mwenyewe, mimi siwezi kuimalizia."

Bi Mwanakombo alikufa hajui. Mwisho ulikuwa umekaa chumbani kwangu, mitaa miwili kutoka pale, chini ya mto wangu, nimeuficha wezi wasiuone!

Nilimfuata Zaina chumbani nikapiga magoti. Nililia, nikamwomba radhi mbele ya wanawake wote, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele za watu. Akaninyanyua. Akasema, "Nimekusamehe, Mama Rehema. Kosa langu ni kwamba sikukwambia. Niliogopa utanikataza, na mama alikuwa hana kingine." Alisema kwa upole kabisa, na upole ule uliniumiza kuliko kama angenizaba kofi.

Arobaini ilipopita nikampelekea sura ya mwisho. Niliiandika upya kwa mwandiko mzuri, na juu yake nikaweka jina la Bi Mwanakombo. Nikangoja Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Ya nne karatasi zikaja, kwa mkono wa jirani yule yule, kanga ile ile. Nikafungua nikaanza kutafuta. Karatasi ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho nikazigeuza na nyuma. Hakuna mstari. Hakuna duara. Ameisoma, maana kona zimekunjika, lakini hakuna hata alama moja ya penseli.

Tukikutana njiani tunasalimiana vizuri, tunaulizana hali za watoto. Kitabu kimechapwa, watu wanakisifu, na Mwalimu anasema mwisho wake ni mzuri. Mimi sijui. Aliyekuwa ananiambia ukweli nimemnyamazisha kwa ulimi wangu mwenyewe.

Ndugu yangu unayesoma haya, huenda nawe una shoga unayemchunguza. Unapekua simu yake, unampima maneno, unamtegea. Nakusihi, acha. Muulize. Na akikwambia ingia ndani nikuoneshe, tafadhali ingia.